Nyumbani kwa Nani?

Kuna swali ambalo kila programu ya kompyuta hulijibu, iulizwe au isiulizwe: vitu vyangu nitaviweka wapi? Jibu lake huandikwa katika mistari miwili au mitatu, mara nyingi na mtu mwenye haraka ya kufika kwenye kazi yenyewe, na baada ya hapo hapana anayelifikiria tena mpaka siku kitu kinapotafutwa kisionekane, au kinapoonekana mahali ambapo hakikupaswa kuwapo. Katika kurasa hizi nataka kulihakiki jibu hilo kama wengine wanavyohakiki riwaya. Wala sifanyi mzaha. Mtunzi wa programu anapochagua mahali pa kuweka faili, anatuambia pia jinsi anavyomwazia mtu atakayeitumia: ni mtu wa namna gani, anakaa na nani, kompyuta ni mali ya nani, na mlango wa chumba chake hufungwa au haufungwi.

Programu ninazozisema ni zile zisizo na vitufe wala picha. Mtu hufungua dirisha jeusi, huandika amri, na programu hutenda kisha ikanyamaza. Nyingi za siku hizi zimeandikwa kwa lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Msomaji aweza kuuliza: mambo hayo yana uhusiano gani na Tarime na Serengeti, wilaya za ng'ombe, mahindi, mihogo na dhahabu ya Nyamongo? Uhusiano upo, na si mdogo.

Chukua ramani. Kwa miaka mingi mtu aliyeitazama kwenye kompyuta sehemu iliyo kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya aliona jina la mji wa Tarime, barabara kuu ya kwenda Sirari, na baada ya hapo weupe mwingi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa watu wa kujitolea uitwao Crowd2Map Tanzania, ambao kazi yake ni kuijaza ramani huria ya OpenStreetMap. Watu walio mbali huchora barabara na nyumba kwa kufuatisha picha za setilaiti, na wenyeji wenye simu huongeza yale yasiyoonekana kutoka angani, yaani majina. Haja ya ramani hiyo haikuwa ya watalii. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini desturi haikukoma kwa sababu Bunge lilipiga kura Dodoma. Hasa mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, wasichana hukimbia. Iko nyumba salama Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women, na kiko kituo cha Masanga upande wa Tarime. Anayetumwa usiku kumchukua msichana hana faida na ramani nyeupe; anataka kujua kitongoji kiko wapi na njia ipi haipiti mtoni.

Sasa, ramani ile na fomu za simu zinazoandamana nayo hupita, kabla ya kumfikia mtu, katika mikono ya programu za amri. Fomu za ODK, ambazo watu wa vijijini hutumia kutuma taarifa, huandikwa kwanza katika jedwali, kisha hugeuzwa na programu ya Python iitwayo pyxform, ambayo amri yake ni xls2xform. Nakala ya OpenStreetMap iliyomo katika kompyuta ya mtu huongezewa mabadiliko mapya kwa amri za pyosmium. Na upande wa hifadhi, katika eneo la Seronera, watafiti walitega tangu mwaka 2010 kamera 225 katika kilomita za mraba 1,125, katika mradi wa Snapshot Serengeti. Picha zake zilifikia mamilioni, na wanaofundisha mashine kumtofautisha nyumbu na nyati huzichambua kwa programu za Python. Kwa hiyo swali la mahali pa kuweka mafaili si la Ulaya na Marekani peke yake. Limefika kwetu, tena limefika pamoja na majibu yaliyokwisha kutolewa.

Tuyatazame majibu hayo. Programu inapoanza kazi hujikuta imesimama kati ya mahali patatu, na anayejifunza Python huvichanganya vitatu hivyo karibu kila mara. Pa kwanza ni pale programu yenyewe ilipolazwa ilipowekwa kwenye kompyuta. Katika Python hujulikana kwa jina la `__file__`. Pa pili ni pale mtu aliposimama alipoandika amri, yaani folda aliyokuwamo wakati ule. Pa tatu ni nyumbani kwa mtumiaji, ambapo Python hupajua kwa `Path.home()`. Mtu akiandika ndani ya programu yake "fungua mipangilio.ini" bila kusema zaidi, Python huitafuta pale pa pili. Akiwa amesimama mahali panapofaa, mambo huenda. Akihamia folda nyingine, programu ileile, siku ileile, husema faili halipo.

Mkazi wa Serengeti hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Muulize mtu njia ya kwenda kwa fulani, naye atakwambia upite shule, ukate kushoto penye mkuyu, ushuke mpaka kisimani. Maelezo hayo ni sahihi kabisa, ila yana sharti moja lisilotamkwa, kwamba uanzie hapo mlipo. Ukiyabeba mpaka Nyamwaga ukayafuata huko, utafika mahali, lakini si kwa fulani. Ndiyo maana wachora ramani wanapenda nyuzi za latitudo na longitudo, ambazo hazijali umesimama wapi. Katika kompyuta pia kuna njia ya kutokea hapa na kuna njia kamili, na makosa mengi ya programu za amri ni ya kumpa mtu maelezo ya mkuyu bila kumwambia aanzie wapi.

Hata hivyo njia ya kutokea hapa isidharauliwe. Maktaba ya OSMnx, ambayo watu wa Python huitumia kuchota barabara kutoka OpenStreetMap, kwa kawaida huweka akiba yake katika folda iitwayo `cache` palepale uliposimama. Wapo wanaolalamika kwamba ukifanya kazi katika folda tatu utakuwa na akiba tatu, na ni kweli. Lakini mimi nauona uzuri wake: unaiona. Ukiibeba kazi kwenye flashi, akiba inakwenda nayo. Ukiifuta kazi, inafutika.

Kinyume chake ni desturi ya kuficha, ambayo asili yake inachekesha. Katika mfumo wa Unix, faili ambalo jina lake linaanza na nukta halionyeshwi mtu anapoorodhesha mafaili. Wengi hudhani wazee wa Unix walikaa wakabuni hekima hiyo. Mwaka 2012 Rob Pike, mmoja wa watu wa maabara ya Bell, alieleza kwenye mtandao wa Google+ kwamba halikuwa wazo la mtu yeyote. Kila folda ilikuwa na viingilio viwili vya kudumu, nukta moja kwa maana ya hapa, na nukta mbili kwa maana ya folda iliyo juu yake. Mwandishi wa amri ya kuorodhesha alitaka viwili hivyo visionekane, akaandika kwa mkato kwamba chochote kinachoanza na nukta kirukwe. Kila faili la namna hiyo likafichika. Watunzi wa programu wakaona ni maficho mazuri, wakaanza kumwaga humo mipangilio yao. Na Google+ yenyewe ilifungwa mwaka 2019.

Mwaka 2003 kundi la freedesktop lilitoa kanuni za kuleta nidhamu. Badala ya kila programu kutupa faili lake lenye nukta mlangoni, vitu vitengwe kwa aina yake: mipangilio iende `~/.config`, data iende `~/.local/share`, na akiba inayoweza kutupwa iende `~/.cache`. Mwaka 2021 likaongezwa fungu la nne, `~/.local/state`, la kumbukumbu za mwenendo wa programu. Kwenye Windows mahali pake ni ndani ya folda ya `AppData`, na kwenye kompyuta za Apple ni `Library`. Ili mtunzi wa Python asihangaike kukumbuka yote hayo, kuna maktaba ndogo, kwanza appdirs na sasa mrithi wake platformdirs, ambayo ukiipa jina la programu yako inakurudishia folda inayostahili kwa kila mfumo.

Kutenga vitu kwa aina ni wazo jema, na sitaki mtu adhani nalipinga. Kisichotengwa huharibika. Mipangilio ni maneno ya mtu, ameyaandika kwa mkono wake, na huenda akataka kuyahamishia kwenye kompyuta nyingine. Data ni jasho. Akiba ni takataka zenye faida. Programu inayovitia vitatu hivyo katika chungu kimoja humlazimisha mtu anayetaka kupunguza uzito wa kompyuta yake achague kati ya kutunza takataka na kutupa jasho. Waliotunga kanuni za 2003 waliliona hilo vizuri kuliko waliowatangulia.

Ugomvi wangu na kanuni hizo uko katika neno "nyumbani".

Kanuni zote hizi, za Unix, za Windows na za Apple, zinadhani kwamba mtumiaji ni mtu mmoja, ana akaunti yake, ana neno lake la siri, na folda ya nyumbani kwake ni kama chumba cha kulala. Ndani ya dhana hiyo, kuficha vitu nyumbani ni adabu, kwani humpunguzia mwenye nyumba vurugu. Lakini kompyuta za ofisi nyingi ninazozijua katika wilaya hizi ni za mradi, au za halmashauri, au za shule. Zina akaunti moja. Jina la akaunti hiyo ni lile aliloliacha fundi wa kwanza: "HP", au "user", au "Ofisi". Mhasibu, mratibu, mwanafunzi wa mazoezi na mgeni aliyekuja kuchapa barua wote huingia kwa mlango huo. Python ikiulizwa nyumbani ni wapi, hujibu bila kusita: `C:\Users\HP`. Lakini huyo HP ni nani? Hakuna mtu kama huyo Mugumu nzima.

Wenyeji wa Mara wanaweza kumwelekeza mtunzi wa programu hapa. Kwetu "mji" ni maskani ya mtu na watu wake, na katika mji wa Kikurya wenye wake zaidi ya mmoja kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina mashamba yake na mifugo iliyogawiwa. Mtu akisema kitu kiko nyumbani hajamaliza kusema. Swali linalofuata ni nyumba ya nani, na jibu lake laweza kuamua mambo mazito, kama ng'ombe wa mahari ya binti yule watamwolea kijana yupi. Waliotunga kanuni za folda walichukulia mji wenye nyumba moja na mtu mmoja. Kanuni hizo zilipofika kwetu, ghala za watu wote zilikusanywa chini ya kitanda kimoja.

Nitaeleza lililonifanya niandike haya. Ofisi ndogo niliyokuwa nikiisaidia kufundisha vijana kazi ya ramani ilipewa kompyuta mpakato iliyotoka katika mradi uliokwisha. Ulikuwa mradi wa madodoso ya kaya. Sitautaja, ila niseme haukuhusiana na zile nyumba salama nilizozitaja juu. Kijana aliyekabidhi kompyuta alikuwa mwangalifu. Alifuta folda ya kazi, akafuta vilivyokuwa juu ya meza ya kompyuta, akafuta picha. Nilipomuuliza alinijibu kwa heshima, "Mwalimu, nimefuta zote, hata pipa la taka nimelimwaga." Alikuwa akisema kweli kadiri alivyoona. Nilifungua lile dirisha jeusi, nikaandika amri ya kuorodhesha pamoja na vilivyofichwa, nikaingia `AppData`, kisha `Local`. Humo ilikuwamo folda yenye jina la programu moja ya Python, ya kusafisha majibu ya madodoso, na ndani yake hifadhidata ndogo. Programu ile, ili isisome jedwali upya kila mara, ilikuwa ikinakili kila kilicholetwa mbele yake na kujiwekea. Jina la mkuu wa kaya lilikuwamo. Kitongoji kilikuwamo. Umri wa kila mtoto, wa kiume au wa kike. Latitudo na longitudo ya mlango wa nyumba, kwa tarakimu sita baada ya nukta.

Tuliifuta pamoja, yeye akiwa ameketi mbele ya kompyuta nami nikimwelekeza, kisha tukatafuta kama ilikuwa na nakala nyingine. Kijana hakusema neno kwa muda. Halafu aliuliza kompyuta nyingine sita za mradi ule zilikwenda wapi. Mbili zilijulikana.

Msomaji ataona kwamba programu ile haikuvunja kanuni hata moja. Mtunzi wake alitumia maktaba inayopendekezwa, akapewa folda inayopendekezwa, akaweka data mahali pa data. Laiti angekuwa mzembe akaitupa hifadhidata ile katika folda ya kazi, ingefutwa pamoja na kazi. Unadhifu wake ndio uliotuponza. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kuwa tatizo ni la watu wetu, wasiojifunza kuwa na akaunti mbalimbali. Akaunti mbalimbali ni jambo jema, zifundishwe. Lakini programu inayonakili habari za watu mahali ambapo mwenye kazi hapaoni, bila kumwambia, inamnyima nafasi ya kuwa mwangalifu. Yule kijana alikuwa na nia na alikuwa na mkono. Alichokosa ni habari.

Neno la pili ninalolihakiki ni "akiba", au kama watunzi wanavyoiona, kile kinachoweza kutupwa bila hasara. Bila hasara ya nani? Programu za kutambua wanyama katika picha za kamera hutegemea faili la modeli, ambalo mara nyingi huwa na ukubwa wa mamia ya megabaiti. Zile zinazotumia maktaba ya PyTorch, kama hazikuelekezwa vingine, huchukua modeli mtandaoni na kuiweka chini ya `~/.cache/torch`. Katika chuo kikuu chenye intaneti isiyopimwa, folda hiyo ni takataka kweli: ikifutwa, baada ya dakika inarudi. Mugumu, ambapo mtu amenunua bando kwa shilingi za mfukoni na mtandao una siku zake, faili lile ni mali. Fundi anayesafisha kompyuta kwa programu za kusafishia hulifuta kwa nia njema, kwa kuwa jina la folda linamwambia ni akiba. PyTorch inakubali kuelekezwa kwingine kwa kigezo cha mazingira kiitwacho `TORCH_HOME`, lakini ni wangapi wanaojua kipo? Kigezo cha mazingira ni kama neno la siri la mlangoni. Humsaidia yule aliyekwisha kuambiwa.

Kuna fungu jingine ambalo nitalipitia kwa haraka, nalo ni data inayokuja ndani ya programu yenyewe. Zamani watunzi wa Python waliisaka kwa `__file__`, na ikishafungwa ndani ya kifurushi kimoja ikawapotea. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018 iko njia rasmi, `importlib.resources`, na inatosha. Shaka yangu ni juu ya kinachotiwa humo. Orodha ya wilaya, kwa mfano. Mwaka 2007 Rorya ilimegwa kutoka Tarime, na Butiama nayo imekuwa wilaya baada ya hapo. Programu iliyofungiwa ndani yake orodha ya kabla ya hapo itaendelea kumwandika mtu wa Shirati kuwa ni wa Tarime, na mtumiaji hana pa kuisahihisha, kwa kuwa faili liko ndani ya tumbo la programu. Kinachobadilishwa na serikali kisilazwe pale anapoweza kukigusa mtunzi peke yake.

Sasa niwasifu wanaostahili. Amri ya `jupyter --paths` ya watu wa Jupyter haifanyi jambo lolote ila moja: inachapa orodha ya folda inamotafuta mipangilio, inamoweka data, na inamoweka vitu vya muda. Mtu asiyejua kanuni hata moja ya zile za 2003 anaweza kuisoma. Amri ya `pip config debug` inakwenda hatua moja zaidi, inaorodhesha kila faili la mipangilio ambalo pip ingelitazama na kusema kama lipo au halipo. Naona haya ni maandishi bora kuliko kurasa nyingi za maelezo, kwa sababu yanatoka kwa programu yenyewe, kwenye kompyuta hiyohiyo, wakati huohuo.

Napenda pia ukimya wa pyosmium. Amri yake ya kusasisha ramani, `pyosmium-up-to-date`, haihitaji daftari la siri la kukumbuka ilifika wapi mara ya mwisho. Husoma kumbukumbu hiyo katika kichwa cha faili la ramani lenyewe, na ikimaliza huiandika humohumo. Ukimpa mwenzako faili lile kwenye flashi akaenda nalo ng'ambo ya Daraja la Kirumi, ataendelea pale ulipoachia. Na `xls2xform`, usipoiambia mahali pa kuweka fomu, huiweka kando ya jedwali ulilompa, kwa jina lilelile. Hapana cha kutafuta. Uzuri wa namna hii hautangazwi.

Lakini mfano ninaouheshimu kuliko yote hautoki katika programu, bali katika namna watu wa Snapshot Serengeti walivyozipa picha zao njia. Picha moja huitwa, tuseme, `S1/B04/B04_R1/S1_B04_R1_PICT0003.JPG`. Msimu wa kwanza, kituo B04 katika gridi ya kamera, mzunguko wa kwanza, picha ya tatu. Jina la faili linarudia habari zote za folda, jambo ambalo mwandishi nadhifu angeliona ni upotevu wa herufi. Si upotevu hata kidogo. Picha ile ikianguka peke yake kwenye folda ya mtu, mbali na ndugu zake, bado inajua kwao. Wala hawakuishia hapo: katika mkusanyo uliotolewa kwa umma, picha zilizonasa binadamu ziliondolewa. Waliuliza picha ziwekwe wapi, na kabla ya kujibu wakauliza zipi zisiwekwe mahali popote.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliona limesahauliwa zaidi katika programu za amri. Mtu anapochoka na programu ya Python huandika `pip uninstall`, na pip huondoa mafaili ambayo iliyaweka yenyewe, kwa kufuata orodha iliyonayo. Yale ambayo programu iliyaandika baadaye ilipokuwa ikitumika, mipangilio, akiba, hifadhidata, hayamo katika orodha hiyo. Yanabaki. Programu imehama, na vitu vyake viko chini ya kitanda cha HP. Watunzi wana sababu yao, wanasema data ni ya mtumiaji na si halali kuifuta bila ruhusa, na sababu hiyo ni nzuri. Ila ruhusa huombwa. Ningependa kila programu inayoshika habari za watu iwe na amri mbili fupi: moja ya kusema kila mahali ilipoandika, na nyingine ya kufuta yote hayo baada ya kuuliza. Kwa Python kazi hiyo ni ya mistari isiyozidi hamsini, nimejaribu. Ningependa pia kwamba kazi ya madodoso isipewe folda ya nyumbani kabisa. Mipangilio na data vikae katika folda moja ya kazi, inayoonekana, yenye jina la kijiji na mwaka, na programu ikatae kuanza mpaka iambiwe folda hiyo ni ipi.

Nilipomweleza wazo hili rafiki yangu mmoja anayetunga programu, alinijibu kwamba watumiaji watachoka kuandika jina la folda kila mara, ndiyo maana kanuni za nyumbani zikabuniwa. Nilimwambia anaweza kuwa na haki kwa mtu anayetumia kompyuta yake peke yake, na kwamba mimi mwenyewe, nikiwa kwangu, naziacha programu zijiwekee vitu vyake `~/.config` na sina neno nazo. Tukakubaliana kwamba programu iulize mara ya kwanza tu, na iandike jibu kando ya data. Alitaka kujua iandike kwa jina gani. Nikasema jina lolote, mradi lisianze na nukta.